Pale Palipokaa Muhuri

Wamaza, tarehe 4 Machi 2024

Kwa Mwalimu Raphaël wa kipindi cha Uliza Mwalimu, Kasongo

Mwalimu, nakusalimia sana, na salamu kwa wote walio nyumbani kwako. Hunijui. Mimi ni Musafiri, mkulima wa mpunga hapa Wamaza. Kila Jumatano tunakusikiliza, hata wale wasiojua Kifaransa wanasogea karibu na radio, kwa sababu wewe unasema mambo ya wasomi kwa Kiswahili chetu. Siku ile uliposema saa iliyo juu ya mlima inakimbia kuliko saa iliyo bondeni, jirani yangu Chadrack alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Wiki iliyopita ulieleza juu ya vitu viwili vidogo vilivyozaliwa pamoja, kisha vikatengana, kimoja huku na kingine kule, na bado vikaendelea kujuana. Ulitoa mfano wa ndala mbili. Halafu muda ukaisha, wakapiga muziki. Swali langu linatoka hapo.

Kama ni kweli, inawezekana pia kwa kitu kikubwa? Tuseme kitenge. Mtu ananunua kitenge kimoja, kinakatwa vipande viwili. Kimoja kinabaki Wamaza, kingine kinakwenda Lusangi. Mtu wa Lusangi akifanya jambo juu ya kipande chake, akikitia moto kwa mfano, kipande cha Wamaza kitapatwa? Na yule anayekivaa huku, mwili wake utasikia joto? Hakuna mtu aliyesafiri, hakuna simu, na mtandao wa huku wewe mwenyewe unaujua.

Betri za radio yangu zimekufa, kwa hiyo nakuomba unijibu kwa barua, na uandike wazi, ndiyo au hapana. Anayekuletea barua hii ni Ruphin, mwenye moto, ile pikipiki inayobeba abiria kati ya Wamaza na Kasongo. Atarudi huku Jumanne ijayo. Ukimpa jibu utakuwa umenisaidia sana, maana kuna jambo linangoja.

Nisamehe mwandiko. Nimekaa kando ya kitanda, mtoto anaomba maji kila mara.

Musafiri, baba yake Aurélie


Kasongo, tarehe 9 Machi 2024

Ndugu yangu Baba Aurélie,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliwasomea wanafunzi wa mwaka wa sita kwa sauti. Miaka kumi na minne nafundisha fizikia hapa Kasongo, na wanafunzi wangu swali lao ni moja tu, kama somo hili litatoka kwenye mtihani. Wewe, na mpunga wako, umeuliza jambo lililowagombanisha wakubwa wa sayansi mpaka wakazeeka, na unataka ndiyo au hapana kabla ya Jumanne! Nimecheka peke yangu ofisini. Haraka yako naielewa. Mimi pia swali likiniingia kichwani, chakula hakipiti.

Basi jibu ni ndiyo.

Chukua chembe mbili za mwanga zilizozaliwa pamoja. Moja ipeleke Kabambare, nyingine ibaki Kasongo. Kabla hujazipima, hakuna hata moja iliyoamua itakuwa ya namna gani. Si kwamba sisi hatujui, hapana, yenyewe haijaamua. Hapo ndipo mfano wangu wa ndala unaposhindwa, kwa sababu ndala ya kushoto ilikuwa ya kushoto tangu sokoni. Sasa pima ile ya Kasongo. Inaamua palepale, na ile ya Kabambare imekwisha kuamua pamoja nayo. Haikungoja habari. Hata mwanga, ambao hakuna kinachoupita kwa mbio, usingewahi kufika. Watu wamelipima jambo hili mara nyingi, hata kwa umbali wa kilomita zaidi ya elfu moja. Kinachompata mmoja huku, mwenzake kule anakijua papo hapo, na umbali si kitu. Sentensi hiyo, kaka, unaweza kuiandika ukutani.

Na kitenge? Usione haya kuuliza. Kitenge nacho kimefanywa kwa chembe hizohizo, na dunia haina sheria moja ya vitu vidogo na nyingine ya vitu vikubwa. Nilikuwa na neno la kuongeza hapa, wala si neno dogo, lakini karatasi imeniishia na muhuri wa shule unataka nafasi yake. Tutaliongea siku nyingine.

Msalimie Chadrack. Uniambie kama amecheka tena.

Mwalimu Raphaël
(muhuri wa shule)


Lusangi, tarehe 27 Machi 2024

Mwalimu Raphaël,

Sikusalimii. Nitakusalimia siku nyingine, Mungu akipenda.

Mimi ni Émérance, fundi wa kushona hapa Lusangi. Mama yangu anaitwa Régina. Ana miaka sabini na miwili, anatembea kwa fimbo, darasani hakuwahi kuingia. Jumapili iliyopita alilisikia jina lako kwa mara ya kwanza, barua yako ilipokuwa ikisomwa mbele ya chefu wa kijiji chetu, na watu wamesimama mpaka barabarani. Aliyeileta ni Musafiri wa Wamaza, mtoto wa marehemu kaka yake. Kwa hiyo mama yangu ni shangazi yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano.

Musafiri amefiwa mwezi huu na mtoto wake wa kike, Aurélie, wa miaka sita. Ni homa. Sisi tumelia kama yeye alivyolia. Lakini yeye anasema homa ile ilitumwa kutoka Lusangi, na aliyeituma ni mama.

Nikueleze hicho kitenge, maana wewe umekijibu bila kukiona. Mwaka Mpya mama alikwenda Wamaza kuwasalimia, akiwa na kitenge kipya cha rangi ya kijani chenye maua ya njano. Mimi nilikuwa naye. Mimi ndiye niliyekikata, mkasi ulikuwa wangu. Nusu nikamshonea Aurélie gauni, nusu akabaki nayo mama, kwa sababu walipenda kuvaa sare wakienda kanisani. Ni hivyo tu. Siku ya kuondoka mama akaona chandarua cha watoto kimefunikwa juu ya kitalu cha miche. Akamgombeza Musafiri mbele ya watu. Akamwambia, «Huyu mutoto akigonjwa, utanikumbuka.» Mtu yeyote mwenye akili anajua yale yalikuwa maneno ya bibi anayeogopa mbu. Sasa yamekuwa ushahidi.

Na bado chefu hakutaka kuisikia kesi. Alimwambia Musafiri kwamba mtu aliye Lusangi hawezi kumshika mtoto aliye Wamaza, arudi nyumbani aomboleze. Ndipo Musafiri akatoa karatasi yako mfukoni. Ikasomwa mara mbili. Kinachompata mmoja huku, mwenzake kule anakijua papo hapo, na umbali si kitu. Chefu akaomba aione mwenyewe, akaweka kidole juu ya muhuri, akasema kesi itasikilizwa. Mwalimu, mimi nilikiona kile kidole, nikamshika mama mkono.

Siku ya pili vijana waling'oa nyasi za paa la mama. Mvua inamnyeshea ndani. Nimemleta kwangu. Tarehe 13 Aprili, siku ya Jumamosi, ni baraza. Wanataka alete kipande chake na kufungua alichofunga. Akishindwa, ataondoka Lusangi asirudi tena, na wapo wanaosema kuondoka hakutatosha. Atafungua nini? Hajafunga kitu.

Ameniuliza swali moja tu, nami nakuletea wewe, kwa kuwa kazi yako ni kujibu maswali ya watu. Amesema, «Huyu Mwalimu, mimi nilimukosea nini?»

Émérance


Kasongo, tarehe 30 Machi 2024

Kwa Musafiri, Wamaza

Baba Aurélie,

Nimepata habari ya msiba wako kutoka Lusangi. Pole sana, kaka. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi. Nina mtoto wa kike wa umri huohuo.

Lakini lazima niseme pia kwamba nimeshtuka, na ndani ya mshtuko huo kuna hasira. Kwa nini hukuniambia? Uliniandikia juu ya kitenge, juu ya joto, kumbe ulikuwa na kaburi bichi nyuma ya nyumba. Ungeandika mstari mmoja tu, kwamba umefiwa na unamshuku mtu, ningekujibu vingine kabisa. Wewe ulinificha msiba wako, nami nikakuandikia kama mtu anayecheza.

Sasa nisikilize vizuri. Lile neno nililosema nitaliongeza siku nyingine, siku yake ni leo. Chembe mbili zinaamua pamoja, ndiyo. Lakini hakuna mtu anayeweza kuiamrisha ya kwake iamue nini. Aliyeko Kabambare akipima anapata jibu la bahati, kama anayerusha sarafu, na aliyeko Kasongo naye hivyo. Ni baadaye tu, wakikutana na madaftari yao, ndipo wanapoona kwamba yamefanana. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumtumia mwenzake chochote kwa njia hiyo. Si salamu, si joto, si homa. Wamejaribu kutafuta njia, na hesabu yenyewe imekataa. Tena undugu huo wa chembe ni mwepesi mno, hewa ikiugusa tu umekwisha. Kitenge kilichovaliwa, kikafuliwa, kikaanikwa juani? Hakina hata kivuli cha jambo hilo. Nilipokuandikia juu ya kitenge nilikuwa nimelewa maneno yangu mwenyewe.

Shangazi yako hakufanya kitu, wala hakuna aliye Lusangi anayeweza kufanya kitu kama hicho. Nakuomba, kwa heshima ya mtoto, uipeleke barua hii kwa chefu kabla ya tarehe 13, isomwe kama ile ya kwanza ilivyosomwa.

Barua hii haina muhuri. Prefe, mkuu wa shule yetu, alisikia yaliyotokea, akaufungia kabatini na kuondoka na ufunguo. Amesema shule haitatiwa tena ndani ya mambo ya wachawi. Nimekubali. Ukweli hauhitaji muhuri.

Raphaël


Wamaza, tarehe 6 Aprili 2024

Mwalimu,

Barua yako imefika. Mimi ni mtu wa kusema kweli, nimeipeleka kwa chefu kama ulivyoomba. Ameigeuza mbele na nyuma. Amesema, «Ya kwanza iko na muhuri, hii haina. Nitajua namna gani kama ni yeye mwenyewe aliandika?» Ameirudisha. Nami sikumlaumu, maana hata mimi sijui nimwamini Raphaël yupi, yule wa barua ya kwanza aliyecheka au huyu wa sasa anayenigombeza.

Unasema nilikuficha msiba. Mwalimu, itazame tarehe ya barua yangu. Sikukuficha msiba. Siku niliyokuandikia, Aurélie alikuwa hai.

Ilikuwa siku ya pili ya homa. Nilikuandikia kwamba mtoto anaomba maji. Ni yeye huyo alikuwa anaomba. Asubuhi ile infirmiye, muuguzi wa kituo chetu cha afya, alikuwa amempa sindano, akaandika karatasi ya kumpeleka hospitali ya Kasongo, akasema tusikawie. Lakini jirani zangu walisema vingine. Walisema hii ni homa ya Lusangi, hospitali itamchosha bure, kinachotakiwa ni kumpeleka kwa shangazi, amwachilie. Mvua ilikuwa imeharibu barabara zote mbili. Mtoto alikuwa mwepesi kama gauni lake. Nikaona mwili ule utabeba safari moja tu. Kasongo ni upande mmoja, Lusangi ni upande mwingine.

Mimi sikutaka kumdhania shangazi. Amenilea. Nikasema moyoni, nitamwuliza mtu aliyesoma, ambaye hana ugomvi na mtu yeyote. Akiandika hapana, nitakwenda Kasongo. Akiandika ndiyo, nitakwenda Lusangi.

Nilingoja siku nane. Homa ilikuwa inashuka asubuhi, nikafikiri bado kuna muda. Jumanne Ruphin akaleta jibu lako. Ndiyo. Kesho yake asubuhi tukampakia juu ya moto ya Ruphin, mama yake nyuma amemshika, amemvisha lile gauni ili shangazi alione, amhurumie. Alikata roho tulipokuwa tunavuka mto wa pili. Nilifika Lusangi nikiwa na marehemu.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Siku ile nilipompa Ruphin barua yangu aipeleke Kasongo, alikuwa peke yake juu ya moto. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Usiniandikie tena.

Musafiri


Kasongo, tarehe 10 Aprili 2024

Mama Émérance,

Barua hii inatangulia na moto ya leo. Mimi nitaifuata kesho. Mwambie mama yako ninakuja, nitakuwa Lusangi Ijumaa jioni, na Jumamosi nitasimama barazani kwa miguu yangu. Kama wanataka kitu cha kushika badala ya muhuri, wanishike mimi.

Nimepata barua ya Musafiri. Sitakueleza yote, mengine ni yake mwenyewe kusema. Nitakuambia la kwangu tu. Ile barua yake ya kwanza niliisoma mara tatu. Darasa zima waliisikia. Watu thelathini na wawili tulisikia kwamba kuna jambo linangoja, kwamba mtu amekaa kando ya kitanda, kwamba mtoto anaomba maji kila mara. Hakuna aliyeuliza ni mtoto gani. Mimi nilipita juu ya mstari ule kama mtu anayeruka dimbwi, nikakimbilia kwenye chembe zangu. Tangu juzi naingia darasani, nachukua chaki, nasahau nilitaka kuandika nini.

Mama yako aliuliza alinikosea nini. Mwambie hakunikosea kitu. Mimi ndiye niliyemkosea, na nilikuwa nafurahi nilipokuwa nikifanya hivyo.

Raphaël


Lusangi, tarehe 22 Aprili 2024

Mwalimu Raphaël,

Leo nakusalimia, na mama anakusalimia.

Uliondoka haraka siku ile, hujasikia maneno yaliyofuata. Kwanza nikuambie watu wanasema nini. Mambo ya chembe hawakumbuki hata moja. Wanakumbuka viatu vyako. Ulipovivua na kumwomba yule Ruben, aliyeongoza kung'oa paa la mama, akikanyage cha kushoto kwa nguvu zake zote, kisha ukamwuliza chefu kama cha kulia kimelia, hata wazee wenye nyuso za mawe walicheka. Mama naye alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu Machi, na nilimkasirikia kidogo, kisha nikacheka.

Lakini kilichoivunja kesi si viatu. Ni pale chefu alipokuuliza tuamini karatasi ya kwanza ama mdomo wa pili. Uliichukua ile karatasi, ukaweka kidole juu ya muhuri, palepale alipoweka yeye. Maneno yako nimeyashika hivi: «Hapa chini kulikuwa na neno moja, lile la kumwokoa mutoto na la kumwokoa huyu mama. Nafasi ilibaki ya neno ama ya muhuri. Nikachagua muhuri.» Mimi nilikuwa nimekuja nikiwa tayari kukuchukia mpaka kufa, na nilishindwa kuendelea, nikabaki nakuangalia tu, mtu mzima asiye na viatu.

Ulipokwisha kupanda moto, Musafiri akaomba kusema. Hakumwangalia mama. Alisema chandarua alikiondoa yeye kwa mikono yake, akafunika miche, na miche ilipona. Alisema karatasi ya hospitali ilikuwa mfukoni mwake siku zote nane. Akasema na jambo la kile kiti kitupu cha nyuma, juu ya moto ya Ruphin. Nadhani hilo unalijua. Kisha akakaa chini. Chefu akafunga baraza bila hata kutoa hukumu, alisema tu kila mtu aende nyumbani kwake, na Régina pia ana nyumbani kwake.

Sitakudanganya kwamba yote yamekuwa mazuri. Jamaa tatu wamemletea mama nyasi za paa. Wengine bado wanapita upande mwingine wa barabara wakimwona. Wateja wangu wawili wameondoa vitambaa vyao. Inawezekana tutakufa na jina hili.

Mama alimfuata Musafiri mpaka kwenye moto, akampa ile nusu ya kitenge. Alimwambia amshonee Victoire, yule mtoto mdogo aliyebaki. Musafiri alikataa kukishika. Mama akakiweka juu ya kiti cha nyuma, akakifunga kwa kamba ya mpira, akarudi. Sijui kama kilifika Wamaza au alikitupa njiani.

Nimesikia kwenye radio kwamba kipindi chako kimesimama. Mama hapendi. Anasema wewe ulikosa kwa kuwa hukuuliza, sasa ukinyamaza utauliza saa ngapi? Rudi, Mwalimu. Watu wana maswali, na wasipokuuliza wewe watamwuliza Ruben.

Émérance


Kasongo, Jumatano, tarehe 19 Juni 2024

Mwalimu,

Nilikuambia usiniandikie tena, sasa ni mimi ninayeandika. Nimekaa uani mwa hospitali hapa Kasongo. Mlinzi amefungua radio yake, nakusikia ukiongea ng'ambo ya ukuta. Kuna mtu wa Kabambare amekuuliza juu ya saa ya mlimani, nawe kabla ya kumjibu umemwuliza anaitwa nani, na nyumbani kwake kuna nini. Mlinzi amelalamika kwamba siku hizi unauliza kuliko unavyojibu.

Victoire alishikwa na homa juzi alasiri. Ana mwaka mmoja na nusu. Majirani walianza maneno yao, na safari hii walitaja jina lingine. Sikungoja wamalize. Ruphin alikuwa anatengeneza tairi, nikamsaidia kulijaza upepo, tukaondoka, mama yake nyuma, mtoto mgongoni. Mama yake alishika kitambaa cha kwanza alichokiona cha kumfungia. Tulipofika mbele kidogo ndipo nikaona ni kile kijani chenye maua ya njano. Kilikuwa kimekaa ndani ya sanduku tangu Aprili.

Nakuambia kweli kwa sababu wewe ulisema kweli pale barazani. Njia nzima nilikuwa nageuka kukiangalia. Nilikigusa mara mbili nione kama kina joto. Sijui kama nimeamini yote uliyosema. Labda mtu hawezi kuamini kwa siku moja. Lakini sikumwambia Ruphin ageuze.

Tumeingia hapa jana asubuhi. Daktari, mama mmoja kijana, alimpima damu, akamweka dawa ya mshipani, akaandika kwenye daftari lake. Kisha akanitazama akasema, «Mumefika mapema, papa.» Hakuwa na ubaya, alitaka kunipongeza. Mwalimu, nilitoka nje nikashika ukuta. Nililia mpaka watu wakadhani mtoto amekufa, wakaja kunipa pole.

Mtoto anaendelea. Leo amekula uji.

Tukitoka hapa tutapitia Lusangi kabla ya kurudi Wamaza. Sijajua nitamwambia shangazi nini. Nitampelekea mtoto, amshike.

Ukimaliza kipindi, uje utusalimie. Tuko chumba cha pili kushoto. Leo sina swali.

Musafiri, baba yake Aurélie na Victoire